Maana Niliyoipa Jina la Trovato

Nambambo, Jumapili, Agosti 1956

Leo kumekucha na upepo wa baridi, ule unaovuma mikorosho inapotoa maua. Unaingia kwenye nyufa za ukuta na kuacha vumbi jembamba juu ya kila kitu: mkeka, mtungi, mpaka karatasi hii ninayoandikia. Miaka mingine mimi huupenda upepo huu. Mwaka huu umenikuta vibaya.

Ndani ya nyumba hii tunaishi watu watatu: Bibi yetu mzaa mama, dada yangu mkubwa Somoe, na mimi. Tangu Alhamisi, wawili kati yetu hawataki kuniangalia usoni. Na mimi siwalaumu.

Niliulizwa maana ya jina la mtu, nikaitoa. Sikusema uongo. Ndicho kinachonitesa, maana ningekuwa nimesema uongo ningejua pa kuanzia kutubu.

Mwenye jina ni Trovato, fundi wa magari pale Nachingwea. Ni Mtaliani. Alitekwa vitani huko Habeshi, akafungwa Kenya pamoja na wenzake, na vita vilipokwisha wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki. Wazungu wa mashamba ya karanga walipohitaji mafundi wa matrekta, akaja huku kusini. Karanga zilivyokataa kuota kama walivyotaka, wengi wakafunga virago wakapanda treni ya Mtwara. Trovato hakuondoka. Siku hizi anatengeneza malori yanayobeba ufuta na korosho, na mimi ni karani wa stoo katika karakana hiyohiyo. Naandika vipuri vinavyoingia na vinavyotoka. Watu wanamwita Bwana Torovato, na wazee wengine Torobato. Anaitika yote.

Somoe huuza vitumbua kwenye lango la karakana. Aliolewa akiwa binti mdogo, akaachwa, akarudi nyumbani mwaka ambao mama yetu alifariki. Baba tulishamzika zamani. Vitumbua vyake ndivyo vilivyonisomesha mpaka nikaijua kalamu hii. Trovato alikuwa akinunua kama wengine. Kisha akawa anakaa kwenye tairi kuukuu na kula palepale huku wanazungumza. Kisha akaanza kwenda msikitini. Alisilimu kabla ya Ramadhani iliyopita na kupewa jina la Yusufu, ingawa kwenye karakana hakuna aliyelizoea. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote tulikuwa tunajua.

Mimi nilikuwa nafurahi. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye kwamba nilikuwa namchukia tangu mwanzo. Alinifundisha kutambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu. Alinipa blanketi lake nilipougua homa. Nilimwona dada yangu akicheka, naye alikuwa hajacheka miaka.

Halafu vijana wenzangu wakaanza.

Jioni tunakaa barazani kwa muuza kahawa, tunazungumza siasa. Siku hizi kila mahali ni siasa, nchi ni yetu, Mzungu ataondoka lini. Mimi nasoma gazeti kwa sauti na wao wanasikiliza, na nakiri kwamba napenda kusikilizwa. Siku moja nikafika, mmoja wao akasogea kwenye benchi na kusema, "Mpisheni shemeji wa Mzungu." Wakacheka. Kesho yake tena. Mwingine akauliza kama dada akizaa mtoto, mjomba mtu atampigia saluti. Niliwaambia kwamba Mtaliani si Mwingereza, kwamba naye alifungwa na Waingereza haohao. Wakacheka zaidi. Gazeti likaanza kusomwa na mtu mwingine, anayesoma kwa kukwamakwama, na wakamsikiliza yeye.

Ni jambo dogo hilo. Najua. Nimelitazama upande huu na upande ule nikitafuta kubwa zaidi nyuma yake, sijaliona. Nilimuuza mtu kwa ajili ya nafasi yangu kwenye benchi.

Maana ya jina aliniambia mwenyewe. Tulikuwa njiani kwenda Ruangwa kufuata lori lililokwama, na letu nalo likavunjika springi kabla hatujafika. Tukakaa kwenye kivuli cha lori kungoja gari lingine lipite. Nilikuwa nimezoea kuandika jina lake kwenye karatasi za stoo, nikamuuliza kama lina maana au ni jina tu.

Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo akiwa na jambo.

Alisema kwao ni kisiwa chenye mlima unaotoa moto. Katika mji wao zamani palikuwa na nyumba ya watawa wa kike, na kwenye ukuta wa nyumba hiyo, upande wa barabarani, palikuwa na kitu kama pipa la mbao lililokatwa ubavu mmoja, linalozunguka. Mwanamke aliyezaa na hana uwezo wa kulea, ama kwa umaskini ama kwa aibu, alikuja akamweka mtoto ndani ya pipa lile na kuvuta kengele. Aliye ndani akaligeuza, mtoto akaingia, na wale wanawake wawili hawakuonana uso. Baba wa babu yake aliingia duniani kwa njia hiyo. Hakuna aliyemjua mama yake wala kabila la baba yake. Watawa wakamwandika Trovato.

"Maana yake nini hasa?" nikauliza.

"Aliyepatikana," akasema. Kiswahili chake kinakwaruza kidogo, lakini neno hili alilitamka kwa utaratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. "Kama wewe umepoteza kitu, halafu unakiona. Aliyepatikana. Aliyeokotwa."

Nikasema, "Kumbe alitupwa."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Rashidi. Yule aliyetupa hakuandika kitu, alikwenda zake. Yule aliyeokota, yeye ndiye alishika kalamu. Jina hili ni la yule aliyeokota."

Akaniambia kwamba utotoni alichekwa kwa jina hilo, kwa kuwa kule kwao kila mtu anajua linatoka wapi. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kulisema bila kuinamisha kichwa. Kisha gari likaja, tukaifunga springi, tukaendelea na safari. Hakuniambia nisimwambie mtu. Hakuona haja.

Sasa Alhamisi.

Huku kwetu mwenye neno juu ya ndoa ya binti ni mjomba wake, ndugu wa mama, kwa sababu ukoo tunauchukua kwa mama. Mjomba wetu ni Issa, mtoto wa kiume wa pekee wa Bibi, anaishi Chinongwe na analima ufuta. Alikuja kwa baiskeli akiwa amevaa kanzu yake ya Idi chini ya koti. Trovato alikuwa amemtuma Mzee Bakari, dereva wa siku nyingi hapo karakana, awe mshenga wake. Mwenyewe hakuja, alifuata adabu kama alivyofundishwa.

Walikaa uani kwenye mkeka. Mimi nilikaa pembeni yao. Somoe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Bibi alikuwa jikoni kwake, kibanda kile cha makuti kisicho na ukuta upande wa uani, anapepeta ufuta kwenye ungo. Nilikuwa naisikia sauti ya ungo muda wote wa mazungumzo.

Mzee Bakari aliongea vizuri. Alisema kijana ni Mwislamu, hanywi, ana kazi, hana mke kwao wala huku. Mjomba alisikiliza. Nilimwona amelegea. Alikuja akiwa amekunja uso, ukakunjuka kidogo kidogo, na mwishowe akasema rangi ni ya Mungu, yeye hana ugomvi na rangi.

"Ila nataka kujua ukoo," akasema. "Mtu anayechukua mtoto wangu nimjue mzizi wake. Hilo jina lake, Torovato, ni la ukoo gani? Lina maana gani?"

Mzee Bakari akasema yeye hajui, lakini Rashidi anafanya naye kazi, huenda anajua.

Wakanigeukia.

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema yale niliyoambiwa, neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa nayakumbuka yote. Badala yake nilimkumbuka yule aliyesogea kwenye benchi. Nikafikiri: jambo hili likikataliwa hapa, litakuwa limekataliwa na Mjomba, si mimi, na Jumamosi nitasoma gazeti.

Nikasema, "Maana yake ni mtoto aliyetupwa, Mjomba. Wao ni ukoo wa watoto wa kutupwa. Babu yao wa kwanza alitupwa na mama yake, baba hajulikani. Hawana mzizi."

Uso wa Mjomba ulibadilika hata nikaogopa. Nilitegemea asite, aulize, aombe muda wa kufikiri. Hakufanya hivyo. Aliinuka palepale kana kwamba mkeka umeshika moto.

"Basi," akasema. "Basi, Mzee Bakari. Mwambie hapana. Habari hii imekwisha na isirudi tena kwenye ua huu."

Akachukua baiskeli yake. Hakunywa hata uji aliowekewa. Mzee Bakari aliniangalia kwa muda, akavaa kofia yake, akaondoka na yeye.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ungo umenyamaza.

Somoe akatoka. Nilitegemea kilio, nikawa nimeshatayarisha maneno ya kumfariji. Hakulia. Alisimama mbele yangu, mikono yake ina unga wa mchele.

"Mimi aliniambia maana ya jina lake kabla hajakuambia wewe," akasema. "Aliniambia 'aliyepatikana.' Na wewe alikuambia hivyohivyo, kwa sababu alinihadithia kwamba amekuambia, na alifurahi. Sasa lile jingine umelitoa wapi?"

Nikasema ni kitu kilekile. Mtoto hawezi kuokotwa bila kutupwa kwanza.

"Umelitoa wapi, Rashidi?"

Akarudi ndani.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea Bibi ugali na mboga jikoni kwake. Nilikuta ametandika khanga yake kongwe chini na anapanga vitu vyake juu yake: kitana, kikopo cha ugoro, shuka, ndala. Nikamuuliza anakwenda wapi. Nikaweka sahani mbele yake. Akaisogeza kwa mgongo wa mkono.

Bibi Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuulizia bei. Mambo ya moyoni huyasema Kimwera. Haya aliyasema Kimwera, nami nayaandika hapa kadiri ninavyoweza, ingawa baada ya Alhamisi siamini tena tafsiri zangu.

"Jana ulisema mtu wa kutupwa hana mzizi. Haifai achukue mke katika nyumba hii. Basi na mimi nimekaa humu bila haki. Nakwenda."

Nikasema, "Bibi, yale si yako. Yale ni ya yule Mtaliani."

"Kaa chini," akasema.

Nikakaa.

Akaniambia kwamba yeye si wa Chinongwe. Hajui ni wa wapi. Anakumbuka msururu wa watu wanatembea, siku nyingi, wengine wamefungwa, wengine wamebeba pembe. Ulikuwa msafara wa watumwa unatoka bara, upande wa ziwa, kwenda pwani. Yeye alikuwa mtoto mdogo na mguu wake ulivimba akawa hawezi kukanyaga. Mama yake alikuwa amebeba mzigo wa watu wale kichwani na mtoto mchanga mgongoni, na sasa akawa anambeba na yeye. Akaanza kubaki nyuma. Mwenye msafara akamwambia aweke chini kimoja. Mzigo ule haukuwa wake kuuweka chini.

"Akaniweka mimi," Bibi akasema. "Kando ya njia, kwenye majani, nisikanyagwe. Akaniambia neno moja. Nalikumbuka mpaka leo. Sijui maana yake, kwa sababu lugha yenyewe imenitoka. Nimewauliza Wayao, Wamakua, wageni wa kila namna sokoni. Hakuna anayelijua."

Nikamuuliza ni neno gani.

"Wewe sikuambii," akasema. "Wewe utalitia maana yako."

Nimeandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kidogo. Nimerudi.

Aliyemwokota alikuwa mwanamke wa Chinongwe aliyekuwa akienda kisimani. Alimbeba yeye, akaacha mtungi palepale njiani. Akamlea, akamwingiza katika ukoo wake, akasema huyu nimezaa mimi, na kijiji kikakubali kunyamaza. Kwa hiyo ukoo tunaojivunia, ninaoutaja nikiulizwa mimi ni nani, ukoo ambao mama yangu alinipa na ambao Mjomba Issa aliutetea Alhamisi mbele ya mshenga, tuliupata kwa mwanamke mmoja aliyeacha mtungi wake njiani.

"Mama yangu hakunitupa," Bibi akasema. "Aliniweka chini. Wewe unajua tofauti? Umesoma."

Nilimshika miguu. Akaniacha niishike. Lakini sahani hakuigusa.

Nikaenda kazini nikiwa nimechelewa. Trovato alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nilichutama pale nikasema, "Bwana Yusufu, nina neno." Kwa mara ya kwanza nilimwita hivyo. Akajivuta nje taratibu, akakaa, akaniangalia. Mzee Bakari alikuwa ameshampa habari, na habari yenyewe haikupungua kitu njiani.

Nikaanza kujieleza. Nikasema vijana, nikasema siasa, nikasema nilibanwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama ungesema mimi mwizi," akasema, "ningecheka. Kama ungesema mlevi, ningekuja mwenyewe kwa Mjomba nimwoneshe. Lakini wewe ulichukua kitu ambacho nilikupa mimi. Sasa nitafanya nini? Nitakwenda kusema baba wa babu yangu hakutupwa?"

Nikasema nisamehe.

"Leo siwezi," akasema. Hakupandisha sauti. "Nipe spana ya kumi na saba."

Nikampa. Akarudi chini ya lori.

Jana, Jumamosi, nikaazima baiskeli nikaenda Chinongwe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipomwona Mjomba shambani, amejifunga shuka kiunoni anafyeka, maneno yote yakanitoka. Nikamwambia tu. Nikamwambia jina lina maana ya aliyepatikana, kwamba mwenyewe aliniambia hivyo, kwamba lile la kutupwa nililichagua mimi, na sababu yake. Nikamwambia pia kwamba Bibi alikuwa anasikia, na kwamba amefunga mzigo.

Nilifikiri atanipiga. Alikaa chini kwenye tuta.

"Alisikia," akasema. Si swali.

"Alisikia, Mjomba."

Akaanza kung'oa nyasi moja moja. Kisha akasema kwamba yeye habari hizi anazijua tangu akiwa kijana. Alizijua kwa kutukanwa nazo. Walikuwa wanagombea mpaka wa shamba, na mzee mmoja, marehemu sasa, akamwambia kwamba mtoto wa kitu kilichookotwa njiani hawezi kudai ardhi. Hajawahi kulisimulia hilo kwa mtu yeyote, hata mkewe. Maisha yake yote amekuwa akiuliza watu koo zao kabla wao hawajamuuliza ya kwake.

"Ulipotamka neno lile," akasema, "nilidhani umejua, na unaniumbua mimi mbele ya mgeni. Sikumkataa yule Mtaliani. Nilikuwa nakimbia." Akajipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Na mama yangu yupo pale, na mimi nainuka naondoka kana kwamba nanuka. Kosa hilo ni langu, Rashidi. La kwako ni kubwa, lakini hilo ni langu."

Tukarudi pamoja, yeye kwenye baiskeli yake na mimi kwenye ya kuazima. Kwenye mteremko mmoja alisimama akanionesha upande wa njia. Akasema inasemekana Bibi aliwekwa chini mahali kama hapa. Palikuwa na majani tu, na kichuguu.

Alipofika uani hakuniruhusu niingie jikoni kwa Bibi. Aliingia peke yake. Sijui walisemezana nini. Nilichosikia ni mtu mzima analia, na sikutaka kusikiliza kwa makini ni yupi kati yao. Baadaye Bibi aliomba maji ya kunawa, na Somoe akapeleka chakula, na sahani ikarudi tupu. Ile khanga ya safari ikaanikwa kwenye kamba.

Leo asubuhi Mjomba alivaa kanzu yake akaenda Nachingwea mwenyewe, bila mshenga. Jambo hilo si la kawaida. Wenye binti hawaendi kugonga mlango wa mwanamume, na watu walikuwa wanamwangalia njiani. Mzee Bakari, aliyekuwa kwa Trovato asubuhi hiyo, aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Mjomba alisimama mlangoni akasema, "Mimi naitwa Issa, na mama yangu aliokotwa njiani. Nimekuja tujuane." Trovato akamkaribisha ndani, wakakaa mpaka adhuhuri. Nasikia mengi waliyozungumza yalikuwa juu ya pipa lile la ukutani. Mjomba alitaka kujua lilikuwa linazungukaje, na kengele ilikuwa ya namna gani, na kama wale waliokuwa wakipokea watoto walilipwa au walifanya kwa huruma.

Trovato alisema jibu la posa si lake wala la Mjomba. Aulizwe Somoe, yeye hajaulizwa hata mara moja. Ni kweli. Katika mambo yote ya Alhamisi, hakuna aliyefungua pazia lile.

Somoe akasema ndiyo. Ndoa itakuwa baada ya mavuno ya korosho.

Ningependa kuishia hapo, nipige mstari chini na kulala. Lakini kuna la alasiri.

Mimi ndiye walii wake. Mjomba ana neno katika ukoo, lakini katika sheria ya dini, baba akiwa amefariki na babu mzaa baba hayupo, anayemwozesha mwanamke ni kaka yake wa tumbo moja na baba mmoja, hata awe mdogo. Siku ya ndoa mimi ndiye ninayepaswa kukaa mbele ya Trovato, nimshike mkono, nimtaje kwa jina lake na nimwambie kwamba nimemwozesha dada yangu. Tangu kifo cha baba nilikuwa najua kwamba ikitokea ndoa, itakuwa hivyo. Nilikuwa nimeanza kufikiri kwamba labda hiyo ndiyo nafasi yangu, kwamba nitalitamka jina lile vizuri mbele ya watu wote, na itakuwa imekwisha.

Somoe alikuja niliposimama kwenye banda la mbuzi. Alikuwa mtulivu. Alinishika bega, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo akinisindikiza shule, na kwa kitambo nilidhani nimesamehewa.

"Nenda kwa shehe," akasema. "Mwambie unampa uwakala, aniozeshe yeye. Sheria inaruhusu, nimeshauliza."

Nikamuuliza kwa nini, ingawa nilijua.

"Kwa sababu sitaki jina la mume wangu lipite kwenye mdomo wako siku hiyo," akasema. "Siku nyingine sawa. Siku hiyo hapana."

Nikaenda. Shehe alikuwa anamaliza kula. Ni mzee mpole, alinikaribisha nile naye, nikasema nimeshiba. Nikamweleza haja yangu. Akashangaa, akasema kijana mzima, mwenye akili, aliyepo mjini, kwa nini atoe uwakala wa dada yake wa pekee? Akauliza kama nasafiri. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, neno zuri, jepesi, ambalo lisingemdhuru mtu.

Nikasema, "Sisafiri, Shehe. Dada yangu hataki nimwozeshe. Na ana haki."

Akaniangalia, akaosha mikono, akasema tutamke. Nikatamka maneno ya uwakala nikimfuatisha, mbele ya watu wawili aliowaita kutoka barazani. Mmoja wao ni wa benchi ya kahawa. Hakucheka. Sijui leo jioni atasema nini kule, na nimejichunguza nikaona bado nataka kujua, na jambo hilo limenitia aibu kuliko yote ya leo.

Sasa jua linazama na upepo umetulia. Bibi anaongea na Mjomba uani, Kimwera, sauti ya chini. Somoe analoweka mchele wa vitumbua. Hakuna anayeniita, na hakuna aliyenifukuza.

Najiuliza kama mtu anaweza kurudisha neno kwa kufanya kazi. Kalamu ninayo, na kila siku naandika jina lake kwenye karatasi za stoo. Sijapata jibu.

Asubuhi nitakwenda karakana mapema kabla ya wengine. Nitamsalimu kwa jina lake la Yusufu, na asipoitika, nitamsalimu kwa lile lingine. Asipoitika yote mawili, nitafungua stoo, nitashika kazi, na keshokutwa nitasalimu tena.